Mgonjwa Asiyekosa Kliniki

Simu ililia Giok-lian akiwa uani anapara samaki aina ya mwatiko. Aliingia ndani mikono imejaa magamba, akainua mkono wa simu kwa vidole viwili.

"Ni nyumbani kwa Bibi Khu Giok-lian?" Ilikuwa sauti ya msichana, laini na ya taratibu. "Mimi naitwa Tsiam, nipo hospitali, ofisi ya rejesta ya wagonjwa wa saratani. Kila mwaka tunawauliza wagonjwa wetu wote hali zao. Unisamehe kwa swali hili, bibi. Yu hai?"

Giok-lian aliyatazama magamba yaliyomganda kwenye kucha.

"Yu hai," alisema.

"Afadhali! Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake." Uongo ulimtoka bila kujikwaa, maana ulikuwa umeshaizoea njia.

"Basi mna bahati, bibi. Wenye ugonjwa ule hawafiki mbali. Tena naona hapa hakosi kliniki hata mara moja. Ila kuna jambo. Anajiandikisha, anakaa kwenye viti, lakini akiitwa haingii kwa daktari. Daktari hajamwona tangu alipotolewa wodini. Pengine anaogopa. Mwambieni asiogope. Siku yake nyingine ni Alhamisi."

Giok-lian aliirudisha simu mahali pake polepole, kama mtu anayeweka yai. Yeye ndiye Khu Giok-lian, na hakuwa ameikanyaga hospitali ile tangu dada yake alipotolewa humo.

Mgonjwa alikuwa Sok-tin, dada yake mkubwa. Sok-tin alikwenda Brazili na mumewe kufuga kuku, akakaa huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Mume akafa, mtoto hakuna, naye akarudi Taiwan na sanduku moja na maumivu ya tumbo. Alikuta serikali imeshalifuta jina lake katika daftari la wakazi kwa sababu ya kukaa mbali muda mrefu. Aliambiwa aombe kuandikwa upya, kisha asubiri miezi kadhaa ndipo apewe kadi ya bima ya matibabu. Tumbo lake halikujua kusubiri.

Wakati ule kadi ilikuwa bado ya karatasi, na picha yake ndogo ilikuwa imefifia.

"Chukua yangu," Giok-lian alimwambia. "Uso wetu mmoja. Mama alitufinyanga kwa kalibu moja."

"Na wakiniuliza umri?"

"Taja wangu. Utapata ujana wa bure."

Sok-tin alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaendelea kulishika baada ya kicheko kwisha.

Basi wodini akawa Giok-lian. Wauguzi walimwita kwa jina hilo akaitika. Giok-lian wa kweli alikaa kando ya kitanda, naye akawa Sok-tin. Bun-hiong, mwanawe, ilimbidi amwite mgonjwa "mama" mbele za watu, na mama yake mzazi amwite "mama mkubwa". Mwanzoni walichekana kama watoto wanaocheza mchezo wa kubadilishana viatu. Kisha madaktari wakampasua Sok-tin, wakaliondoa tumbo lote lililokuwa limeharibika, na kicheko kikaisha.

"Wakiniita, mimi huchelewa kuitika," Sok-tin alimnong'oneza mdogo wake siku moja muuguzi alipotoka. "Nakaa kwanza nafikiri, huyo wanayemwita ni nani?"

Siku ilipofika, daktari alisema mgonjwa apelekwe nyumbani pumzi ingali ipo. Watu wote wa pale hufanya hivyo. Anayekata roho hospitalini hubaki anatangatanga kwenye korido. Bun-hiong alitangulia kwa pikipiki kupanga mbao za kumlaza sebuleni. Ndani ya gari la wagonjwa akabaki Giok-lian na muuguzi kijana aliyekuwa akikamua mpira wa hewa. Safari kama hiyo ina wajibu wake: ndugu wa damu humwita mgonjwa kwa jina kila kona na kila daraja, maana roho iliyolegea haijui njia tena.

"Mwite, bibi," muuguzi alisema gari lilipokaribia mto. "Mwite kwa jina. Wengine hupotea."

Giok-lian alifumbua mdomo kuita Sok-tin. Hapo akaiona kadi, imebanwa juu ya faili mapajani mwa muuguzi. Akahofia kugunduliwa. Akaita, "Giok-lian! Tunavuka daraja! Tufuate nyumbani!"

Aliita hivyo mpaka mlangoni. Jina lake mwenyewe alilitupa kwenye kila mto na kila kona, kwa mdomo wake mwenyewe, na nywele za mikono zilimsimama.

Sok-tin alikata roho sebuleni kabla chai haijapoa. Daktari wa kijiji alinakili jina la kweli kutoka kwenye pasipoti. Majivu yakawekwa katika mnara wa hekalu, rafu ya chini. Meza ya mababu iliyokuwa nyumbani, panapowekwa majina ya wafu na kuchomwa udi, ilikuwa ya ukoo wa Tiu, ukoo wa marehemu mume wa Giok-lian. Mwanamke wa ukoo wa Khu, aliyeolewa mbali na kufiwa mbali, hakuwa na nafasi juu yake.

"Si mimi niliyeamua, mama," Bun-hiong alisema wakati ule. "Ndivyo ilivyo."

Tangu siku hiyo chakula kilikosa ladha kinywani mwa Giok-lian. Uji wa mwatiko, ambao maisha yake yote aliula akajilamba vidole, ukawa kama maji ya kuoshea mchele. Nguo zilianza kumpwaya.

"Mama, unaisha kama sabuni," Bun-hiong alimtania. "Tutakuja kukutafuta kwenye beseni."

Yeye alicheka kidogo ili kijana asiingiwe na hofu. Kila alfajiri alipiga magoti mbele ya sanamu ya Kuan-im, mama wa huruma, akaomba neno moja tu: dada amefika nyumbani? Kisha alitupa vibao viwili vya kuulizia. Kila alfajiri vilianguka migongo juu, yaani la, bado. Mwishowe aliacha kuuliza. Aliona ni utovu wa adabu kumshurutisha aliyekwisha kujibu. Lakini kuomba hakuacha.

Jioni ya siku ile ya simu alimweleza mwanawe yote aliyoambiwa.

"Ni mwizi," Bun-hiong alisema, akiwa amevua viatu vya mpira vya kwenye bwawa la samaki na kuvigonga matope. "Kuna mtu anatibiwa kwa jina lako."

"Hatibiwi. Anakaa tu."

"Kadi iko wapi?"

"Kwenye droo. Haijatoka."

"Basi ni kosa la kompyuta. Zimeingia juzi tu, hata wenyewe hawazijui." Alimtazama mama yake, akaiona shingo yake ilivyokonda. "Haya, Alhamisi nitakupeleka. Tukifika utaona hakuna kitu, halafu utakula. Sawa, mama?"

Alhamisi asubuhi walikwenda kwa gari dogo la kubebea samaki, lenye kiti kimoja kirefu cha mbele. Hospitali ilijaa watu kama soko la mboga. Mlangoni alisimama Mzee Kam, mmoja wa wastaafu wa kujitolea, amevaa kizibao cha njano, akiwasaidia wazee wasiojua kujaza karatasi. Alipomwona Giok-lian alipiga makofi mara moja.

"Dada Giok-lian! Wewe una miguu ya paka! Umetoka saa ngapi nisikuone? Tena umekwenda kubadili nguo!"

"Nguo gani?" Giok-lian aliuliza.

"Si ulikuwa na ile nguo ya wodini? Kila siku nakuuliza, dada, kwani nyumbani hakuna gauni? Nawe unanyamaza tu." Mzee Kam alimgeukia Bun-hiong. "Wewe ndiye mwanawe? Mnunulie mama yako sweta, bwana. Mikono yake kama barafu. Na mkumbushe kadi. Kila akija, kadi imebaki nyumbani, inabidi nimwandikishe kwa jina."

Bun-hiong alitaka kucheka, kicheko kikafa kwenye meno. "Leo umemwandikisha?"

"Muda si mrefu. Nimemwandikisha, nikampeleka mwenyewe mpaka chumba cha sita, nikamkalisha." Alimtazama Giok-lian tena, akapepesa macho. "Halafu huyu hapa anaingia kutoka nje. Aa, uzee huu! Nendeni, nendeni, foleni inasonga."

Nje ya chumba cha sita kulikuwa na viti vya kujikunja kama vya jumba la sinema. Mtu akisimama, kiti kinajifunga chenyewe kwa kishindo. Siku hiyo wagonjwa walikuwa wachache. Viti vingi vilikuwa vimejifunga vimesimama. Kimoja tu, mstari wa mbele karibu na ukuta, kilikuwa kimelala wazi, na hapakuwa na mtu juu yake.

Giok-lian aliketi mstari wa nyuma, akakitazama. Aliyekaa jirani, mama mmoja mwenye kilemba cha kuficha upara wa dawa, alikuwa amejikunyata upande wa pili, kama mtu anayempisha mwenzake nafasi ya kiwiko.

Bun-hiong alikwenda kukigusa. Alikivuta mkono haraka. "Kina baridi," alisema kwa sauti ndogo. "Pengine springi imeharibika."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alitoa kichwa. "Khu Giok-lian!"

Magoti ya Giok-lian yalianza kunyooka yenyewe, maana jina ni lake na mwili uliitika. Wakati huohuo kile kiti cha mbele kililia kidogo, kama mtu mzima anapoegemea mbele akitaka kusimama. Kisha kikatulia. Giok-lian alishikilia kiti chake kwa mikono yote miwili, akabaki ameketi.

"Khu Giok-lian!" Muuguzi alingoja, kisha akapiga alama kwenye karatasi. "Amepitwa tena. Huyu bibi!"

Mlango ulifungwa. Giok-lian alianza kuomba kimya, midomo ikicheza. Hakuomba yule aliyekaa pale aondoke. Aliomba apewe ujasiri wa kumsogelea. Alipoupata aliinuka, akaenda kuketi kwenye kiti cha pembeni yake, upande wa ukuta. Baridi ilimshika bega lote la kushoto.

"Sok-tin," alisema polepole. "Dada. Twende nyumbani."

Hakukuwa na kitu. Watu walikohoa, mtoto alilia mahali fulani, mashine ya namba iligonga kengele. Ndipo akasikia sauti, karibu kabisa na sikio, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila imechoka zaidi.

"Hapa wananiita."

Giok-lian aliukazia macho mlango wa chumba cha sita. Hakugeuka.

"Huko nani ananiita?" sauti iliuliza.

Mkono wa Bun-hiong ulikuwa umemshika begani kwa nguvu. Giok-lian alijua kwamba mwanawe naye amesikia.

"Mama, tuondoke," Bun-hiong alisema. "Tumlete kuhani wa hekalu."

"Kuhani atamwita nani? Aandike jina gani? Daftari la serikali lilimfuta, hekaluni yumo rafu ya chini, na hapa mimi nilimvika jina langu." Giok-lian aliinuka. Kiti chake kilijifunga kwa kishindo. Kile cha jirani kilibaki wazi. "Hakupotea njia, Bun-hiong. Amekaa penye watu wanaomtafuta. Kila mwaka kuna msichana anauliza kama yu hai. Sisi tumeuliza lini?"

Ofisi ya rejesta ilikuwa mwisho wa korido ileile. Bi Tsiam alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mwenye miwani na kikombe cha chai kilichofunikwa. Alifurahi aliposikia jina.

"Bibi Giok-lian mwenyewe! Bibi, kazi yangu ni kuuliza watu kama wako hai. Sijawahi kujibiwa na mmoja kwa miguu yake." Kisha aliutazama mwili uliosimama mbele yake, akatazama kompyuta, akatazama tena. "Samahani, bibi. Chakula unakulaje? Hapa imeandikwa huna tumbo."

"Ninalo," Giok-lian alisema. "Aliyeondolewa ni dada yangu. Amekwisha kufa. Alitumia kadi yangu, na mimi ndiye niliyempa."

Alieleza yote, hata madaraja. Bi Tsiam alisikiliza bila kugusa chai yake. Mwisho alivua miwani.

"Bibi, unajua nikiliandika hili nitalazimika kuwaarifu wakubwa? Mtaitwa wewe na mwanao. Si jambo dogo."

"Tutakuja tukiitwa."

"Ungeweza kuniambia Giok-lian amekufa. Ningeandika hivyo, ukaisha ugomvi."

"Mwanangu, mimi nilishajiita kufa mara moja. Nimeona nilivyokonda."

Bi Tsiam alivaa tena miwani. Kisha akafungua ukurasa mpya. "Siwezi kumfuta mgonjwa aliyetibiwa. Naweza kuandika alikuwa nani. Jina lake?"

"Khu Sok-tin."

Vidole vilipiga herufi. Kupitia mlango uliobaki wazi Giok-lian aliweza kuona kile kiti kule mwisho mwingine wa korido, bado kimelala.

"Alifia wapi?"

"Nyumbani. Sebuleni."

"Nyumbani kwa nani?"

Giok-lian alishusha sauti. "Kwa Tiu."

"Ndugu wa karibu. Hapa lazima niandike mtu, bibi, la sivyo rejesta haikubali kufunga. Mume?"

"Amekufa."

"Mtoto?"

Giok-lian alikitazama tena kile kiti. Angeweza kujitaja mwenyewe kuwa dada, lakini yeye ndiye aliyemwita Sok-tin kwa jina la uongo mto kwa mto, na meza ya mababu haikuwa yake kuigawa. Alimgeukia mwanawe. Bun-hiong alikuwa ameegemea mlango, anatazama korido, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Bun-hiong," alisema. "Mimi siwezi kukulazimisha. Ni ukoo wa baba yako."

"Wazee wa Tiu watanitafuna mbichi, mama."

"Watakutafuna."

"Ami Hok, ndugu wa baba, atasimama mbele ya watu wote aseme nimeingiza jina la Khu mezani."

"Atasema."

Bun-hiong alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Kule wodini alimwita yule mwanamke "mama" asubuhi na jioni, muuguzi akiwepo, na siku nyingine muuguzi akiwa hayupo, kwa kusahau. Naye kila mara aliitika upesi, hakuchelewa kamwe. Giok-lian aliliona jambo hilo wakati ule akalipuuza. Sasa aliona kwamba kijana naye analikumbuka.

"Niandike mimi," Bun-hiong alisema. "Tiu Bun-hiong."

"Uhusiano?" Bi Tsiam aliuliza.

"Mwanawe." Sauti ilimkwama, akairudia. "Andika mtoto wake wa kiume. Jina lake nitaliweka kwenye meza yetu. Nitamchomea udi mimi, na watoto wangu."

Bi Tsiam alipiga herufi za mwisho, akabonyeza kitufe.

Kule mwisho mwingine wa korido kiti kilijifunga. Kishindo chake kilifika mpaka ofisini, na yule mama mwenye kilemba akageuka kutazama, kisha akanyoosha kiwiko chake taratibu kwenye nafasi iliyoachwa.

"Mwite sasa," Giok-lian alisema. "Usitazame nyuma. Mwite kwa jina, na umwonyeshe njia."

Bun-hiong, mtu mzima mwenye mabwawa na deni la benki, alitoka kwenye korido ya hospitali mbele ya wagonjwa na wauguzi, akipaza sauti kama mtoto aliyetumwa.

"Mama mkubwa Sok-tin! Hapa tunakata kulia! Mama mkubwa, hapa kuna ngazi, shika ukuta! Huu ndio mlango mkubwa!"

Watu walimpisha. Wazee wawili waliinamisha vichwa, maana walijua kinachofanyika, ingawa hawakuona kitanda wala mgonjwa. Mlangoni Mzee Kam alifungua mdomo kusema neno. Alimtazama Giok-lian, akatazama nyuma yake. Akalifunga neno mdomoni, akavua kofia.

Nje jua lilikuwa kali. Bun-hiong alifungua mlango wa gari, Giok-lian akapanda akakaa katikati ya kile kiti kirefu, kama alivyokuja. Bun-hiong alizunguka, akaingia upande wa usukani, akawasha moto.

"Mama mkubwa," aliita, sasa taratibu zaidi, "tunatoka getini. Barabara ni ile ya soko."

Alikanyaga mafuta, kisha akakanyaga breki tena.

"Mama, mbona umenisogelea hivyo? Nitashikaje gia?"

Giok-lian alikuwa amebanana naye, magoti amekunja upande, sketi amejikusanyia mapajani. Upande wake wa kulia, mpaka mlangoni, nafasi ilikuwa tupu, na kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea.

"Wewe endesha," alisema. "Ita kila kona. Na uende pole, dada yangu huyu... la, mama yako huyu, amekaa muda mrefu. Miguu imemfa ganzi."